Mji Usio wa Mtu: Filamu za Ushabiki Zikitazamwa Kutoka Kongolo

Filamu za utanzu ni zile ambazo mtazamaji huketi kuzitazama akiwa ameshayajua masharti yake: ya kauboi itakuwa na farasi, bastola na mji mmoja wenye vumbi, ya kivita itakuwa na kikosi kidogo kilichopewa kazi isiyowezekana, na ya kutisha itakuwa na nyumba ambayo mtu mwenye akili timamu asingekubali kulala ndani yake. Filamu za ushabiki, ambazo mara nyingi huzaliwa ndani ya tanzu hizohizo, hutambulika si kwa yaliyomo bali kwa watu wanaozizunguka, yaani kundi la wapenzi wanaozirudia tena na tena, wanaozihifadhi kichwani tukio baada ya tukio, na wanaotambuana kwa kuzitaja. El Topo ya Alejandro Jodorowsky ilipata kundi la namna hiyo ilipoanza kuonyeshwa usiku wa manane katika ukumbi wa Elgin jijini New York mwishoni mwa mwaka 1970, na The Rocky Horror Picture Show ya 1975, ambayo haikupokewa vizuri ilipotoka, iliokolewa mwaka uliofuata na watazamaji wa usiku walioanza kuijibu kwa sauti hadi majibu yao yakawa sehemu ya onyesho lenyewe.

Mwanazuoni wa Italia Umberto Eco, alipoichambua Casablanca ya mwaka 1942, alidai kwamba filamu haiwezi kupata mapenzi ya aina hii isipokuwa inaweza kumeguka vipandevipande, kwa sababu mpenzi hapendi kazi nzima iliyokamilika bali hupenda tukio hili, jibu lile, namna mhusika fulani alivyogeuka mlangoni, na kila kipande humtosha peke yake. Dai hilo lina nguvu, na mtu yeyote aliyewahi kuwasikiliza mashabiki wakizungumzia filamu waliyoitazama juzi atalitambua mara moja, maana hawaanzi kwa kueleza kisa bali hurukia pale wanapopapenda. Hata hivyo Eco hakulitilia mkazo jambo moja ambalo huonekana waziwazi zaidi likitazamwa kutoka mashariki mwa Kongo kuliko kutoka Milano au New York, nalo ni kwamba kipande cha kwanza kumeguka, kabla ya majibu makali na kabla ya mapigano, ni mahali. Ili mji uwe mandhari ya burudani, sharti kwanza uwe si wa mtu yeyote ambaye mtazamaji anaweza kumfikiria kwa jina.

Kongolo ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Ni mji wa mto na reli katika mkoa wa Tanganyika, ambao makao yake makuu ni Kalemie na ambao ulitokana na kugawanywa kwa Katanga mwaka 2015. Mto Lualaba hupitika kwa meli kutoka Bukama hadi hapo, kisha maji huingia katika korongo jembamba ambalo wasafiri wa kikoloni waliliita Milango ya Jehanamu, na kwa kuwa chombo hakiwezi kupita, Wabelgiji walijenga reli kuelekea Kindu mwanzoni mwa karne ya 20. Mto, maporomoko, treni, misheni na askari ni vitu vya kila siku katika historia ya mji huu, lakini pia ndivyo vitu ambavyo watengenezaji wa filamu za safari za hatari wamevitafuta Afrika tangu sinema ilipoanza.

Waliokuja kuvitafuta karibu kabisa walikuwa kikosi cha John Huston, ambaye mwaka 1951 alipiga kambi kwenye mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, leo Ubundu, ili kutengeneza The African Queen akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kabla ya kuhamia Uganda kwa sehemu nyingine ya kazi. Maji waliyoyapiga picha yalikuwa yakienda kuungana na yale yaliyokwisha kupita Kongolo. Kisa chenyewe, kilichotoka katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, kinahusu mashua chakavu inayokusudiwa kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani, na nyuma yake lipo tukio la kweli: mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia Katanga kwa treni, kwa kukokotwa milimani, kwa Lualaba hadi Kabalo, kisha kwa reli hadi Lukuga, ambako leo ni Kalemie, na kutoka hapo wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba mwaka huohuo na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Kazi hiyo isingewezekana bila mamia ya vibarua Wakongo waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuvuta kamba. Katika filamu wanakijiji huonekana mwanzoni wakiimba kanisani bila kuzijua nyimbo wanazoimba, kijiji chao kinachomwa moto, halafu hawaonekani tena, na mto unabaki wa wapenzi wawili. Ni filamu nzuri, na uzuri wake hauna haja ya kukanushwa, lakini upweke unaowapa Bogart na Hepburn nafasi ya kupendana umepatikana kwa kuwahamisha watu wote waliokuwa kando ya maji.

Aliyeshika kamera ya The African Queen alikuwa Jack Cardiff, Mwingereza, ambaye miaka kumi na saba baadaye aliongoza mwenyewe filamu nyingine kuhusu Kongo, na hiyo ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu imekuwa filamu ya ushabiki kwa maana kamili. Dark of the Sun, iliyotoka 1968 na kuitwa The Mercenaries nchini Uingereza, ilitokana na riwaya ya Wilbur Smith, na Martin Scorsese na Quentin Tarantino ni miongoni mwa wanaoipenda hadharani. Tarantino aliuchukua muziki wake kwa ajili ya Inglourious Basterds ya 2009, na katika filamu hiyohiyo akampa Rod Taylor, aliyekuwa mhusika mkuu wa Cardiff, nafasi ndogo ya kuigiza Winston Churchill. Wapenzi wake wakiizungumzia hutaja ukatili ambao sinema za studio kubwa za wakati ule hazikuuzoea, pambano la msumeno wa mashine, muziki wa Jacques Loussier, na treni. Kisa ni chepesi kukieleza: mamluki Curry, yaani askari wa kukodiwa, anapewa treni na siku tatu ili awaokoe wakazi wa mji wa machimbo uliozingirwa na waasi wa Simba, na kwa siri azirudishe almasi za kampuni ya madini, akifuatana na Ruffo, Mkongo aliyesoma Marekani, anayeigizwa na Jim Brown, na Henlein, Mjerumani anayevaa alama ya Wanazi kifuani.

Mtazamaji wa Kongolo anayeitazama filamu hii hawezi kupewa umbali ambao mtazamaji wa New York aliupata bure. Tarehe 1 Januari 1962, wakati Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe ilipokuwa ikipigana na jeshi la serikali kuu, wanajeshi walioingia Kongolo waliwaua wamisionari karibu 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu, tukio ambalo Wakatoliki wa jimbo hilo wanaendelea kulikumbuka. Albertville, yaani Kalemie, ilianguka mikononi mwa waasi Juni 1964 na kukombolewa mwishoni mwa Agosti. Mamluki walikuwepo kwelikweli, na Henlein anafanana mno na Siegfried Müller, Mjerumani aliyejulikana kama Kongo-Müller na aliyevaa nishani yake ya Msalaba wa Chuma vitani Kongo, ambaye watengenezaji wa filamu wa Ujerumani Mashariki walimrekodi akicheka na kujisifu katika Der lachende Mann ya 1966. Kwa hiyo kila kifaa cha utanzu kilichomo humu, treni, kituo, misheni, bunduki, kina mwenyewe.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kosa la Dark of the Sun ni kutosema ukweli, na wengi wangeishia hapo, lakini shabiki wa filamu za utanzu hadai ukweli wa namna hiyo, na hana sababu ya kuudai. Jambo gumu zaidi limo katika kifo cha Ruffo. Ruffo ndiye pekee katika kikosi kile anayepigania nchi yake, na anaeleza hivyo, hali Curry amekuja kwa mshahara. Ndiye mwenye safari ya kwenda mahali, maana ana jambo analotaka Kongo iwe. Filamu inamwua kwa mkono wa Henlein, na kifo chake kinageuka sababu ya hasira ya Curry, ambaye anamfuatia muuaji msituni na kumwua kwa ukatili usiopungua wa adui mwenyewe. Mwenye nchi amekufa ili moyo wa mpita njia ubadilike. Katika vyumba vya video vya Dar es Salaam na Mombasa mhusika mkuu huitwa stelingi, na sheria ya kwanza ya watazamaji ni kwamba stelingi hafi. Kwa Wakongo wengi jina ni akteri, na sheria ni ileile. Anayeitumia sheria hiyo kuhukumu filamu ya Cardiff anagundua bila msaada wa nadharia yoyote nani alihesabiwa kuwa mtu na nani alihesabiwa kuwa sababu.

Filamu hiyo haikupigwa Kongo bali Jamaika, na reli inayoonekana ni ya kisiwa hicho, na waliovaa mavazi ya Simba ni watu wa huko. Miaka minne baadaye Jamaika ilitoa filamu yake ya ushabiki, The Harder They Come ya Perry Henzell, ambamo kijana kutoka shamba anaingia ukumbi wa Rialto mjini Kingston kutazama Django, filamu ya kauboi ya Kiitaliano ya Sergio Corbucci, na jirani yake anamhakikishia kwamba shujaa hawezi kufa kabla ya ukanda wa mwisho. Sheria ya Mombasa na Kongo ilikuwa sheria ya Kingston pia. Katika dakika za mwisho, kijana huyo akizingirwa na bunduki, picha za watazamaji wa Rialto wakicheka hurudi kati ya risasi, na kicheko chao kinamwangukia mtu wa mtaa wao. Henzell aliuona umbali na akauonyesha.

Hapa hoja inageuka na kuwadai watazamaji wa Kongo vilevile, na haitakuwa haki kuinyamazia. Rambo ya pili, iliyotoka 1985, imepita katika vyumba vya video vya Afrika Mashariki na Kati kwa kanda, kisha kwa diski za VCD ambazo filamu moja iligawanywa katika diski mbili, kisha kwa kadi za simu, na kila kizazi kimeipokea kama yake. Humo yumo Co, mwanamke wa Kivietinamu anayemsaidia Rambo, anayemwomba ampeleke Marekani, na anayeuawa dakika chache tu baada ya kukubaliwa. Rambo anavaa mkufu wake na kwenda kulipiza kisasi. Co ni Ruffo. Nafasi ni ileile, kifo ni kilekile, na nchi ya Vietnam imefanywa msitu usio wa mtu kama Kongo ilivyofanywa. Kijana wa Kongolo anayemshangilia Rambo kwa moyo wote anakaa, bila kujua, katika kiti kilekile alichokaa shabiki wa Marekani aliyeshangilia treni ya Curry.

Frantz Fanon aliligusa jambo hili mwaka 1952, alipoandika kwamba kijana wa Antili akimtazama Tarzan nyumbani kwao hujiona yu upande wa Tarzan dhidi ya Weusi, lakini akiitazama filamu hiyohiyo Ulaya hushindwa, kwa sababu ukumbi mzima umemhesabu pamoja na hao anaotakiwa kuwashinda. Umbali, basi, haumo ndani ya filamu peke yake. Hutegemea pia ni nani aliyeketi kando.

Historia ya Kongo ina ushahidi wa jinsi mapenzi haya yanavyoweza kujenga na kubomoa kwa pamoja. Utawala wa Ubelgiji uliunda tume za kukagua filamu zilizoruhusiwa kuonyeshwa kwa Waafrika, na mapadri wa shirika la Scheut walitengeneza vichekesho vyao vya Matamata na Pilipili kwa ajili ya watazamaji wa misheni, ikiaminiwa kwamba picha zisizofaa zingewapotosha. Hata hivyo katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, leo Kinshasa, walizichukua filamu za kauboi, hasa zile za Buffalo Bill, wakajiita Bills, wakavaa suruali za jinzi na skafu shingoni, wakaipa mitaa yao majina kama Texas na Far West, na wakaunda lugha yao ya mitaani, Hindubill, iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno ya sinema. Mwanahistoria Didier Gondola, katika kitabu chake Tropical Cowboys cha mwaka 2016, ameonyesha ubunifu wao pamoja na ukatili wao, hasa dhidi ya wasichana, na mambo hayo mawili hayafai kutenganishwa ili moja lisifiwe na jingine lifichwe. Kuupa mtaa wa Kinshasa jina la Texas ni tendo la kishairi la kuuleta mbali karibu, lakini aliyeuleta alichagua nafasi ya mwenye bastola, na mwenye bastola katika Texas ya filamu daima ana haja ya mtu ambaye ardhi yake haihesabiki.

Lipo tendo jingine la kuuleta mbali karibu, ambalo limepata nguvu zaidi katika eneo hili kuliko karibu popote duniani, nalo ni kazi ya msimuliaji wa filamu. Huyu ni mtu anayeweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni, ama papo hapo akiwa na kipaza sauti ama katika nakala iliyorekodiwa, akiyafasiri maneno, akiwapa wahusika majina na tabia, akionya, akikejeli na kubishana na waliomo. Uganda huitwa VJ. Rwanda filamu zilizosimuliwa huitwa agasobanuye. Dar es Salaam Kapteni Derek Gaspar Mukandala alijulikana kwa jina la Lufufu. Kenya DJ Afro amewafanya watu wasiojua Kichina wala Kiingereza wawe na maoni makali juu ya filamu za mapigano. Kuyatazama haya kama tafsiri mbovu yenye kuchekesha ni makosa. Msimuliaji ni mhakiki anayefanya kazi wakati filamu bado inatembea. Anapomwambia mhusika kwamba anakosea, au anapoueleza mtaa wa Hong Kong kana kwamba ni mtaa wa sokoni, anaufuta umbali ambao mwongozaji aliutegemea, ingawa ni kweli pia kwamba msimuliaji mvivu huwaita watu wote wa Asia Wachina na kuuongeza umbali huohuo kwa sauti kubwa.

Kielelezo cha juu kabisa cha kazi hiyo ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, pembezoni mwa Kampala, na Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey kwa bajeti iliyotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa bunduki zilizochongwa na helikopta zilizochorwa kwa kompyuta, na damu ya rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu. Mashabiki wa Ulaya na Marekani wameikumbatia, na filamu yake ya baadaye, Crazy World, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2019 katika sehemu yake ya usiku wa manane. Kapteni Alex anakufa mapema, aliyemwua hajulikani hadi mwisho, na mji unaolipuliwa ni mji wa waliotengeneza filamu, kila mtaa una jina na kila maiti ni jirani wa mtu. Nakala ya awali isiyo na msimuliaji imepotea, kwa kuwa kompyuta ilihitaji nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki duniani ni filamu yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akisifu, akicheka, akitangaza, akiuliza. Hakuna anayeweza tena kuitazama kazi hiyo bila maoni ya mtazamaji wake wa kwanza.

Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka huohuo wa 2010, ilifika mahali jirani kwa njia ya kawaida zaidi: filamu ya majambazi ya Kinshasa, katika Kilingala, ambamo uhaba wa petroli, ambao kila Mkongo anaujua, unakuwa ndio dhahabu inayogombewa, na ambamo stelingi anakufa. Hata yenyewe iliwahitaji wageni, safari hii Waangola, wawe maadui wasio na kwao. Utanzu hauachi tabia hiyo kirahisi.

Dark of the Sun ina tukio ambalo msimuliaji wa mashariki mwa Kongo angepata kazi kubwa kulisimulia. Kasha la almasi lina kufuli la saa, kwa hiyo treni inangoja. Waasi wanafika, kombora linapiga, behewa la mwisho linakatika na kurudi nyuma kwenye mteremko kuelekea kituoni, likiwa na watu ndani na almasi ndani. Usiku Curry na Ruffo wanarudi kwa siri, Ruffo akimbeba Curry kana kwamba ni maiti, wakapita katikati ya karamu ya mauaji, na wanachokifuata ni almasi. Msimuliaji mwenye kujua kituo cha Kongolo na kinachokumbukwa huko angelazimika kuamua, wakati kamera inawafuata wale wawili, kama sauti yake nayo iwafuate, au ibaki kuwataja mmoja mmoja wale walioshushwa kwenye behewa, na uamuzi wake ungekuwa uhakiki kamili wa filamu hiyo, hata kama usingeandikwa popote.